Mafundi Wanajibu: Fujo ya Chini Huanzia Juu

Barua nyingi za toleo hili zinailaumu bobini. Tumechagua maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa wanaoanza kushona, na yaliyofanana tumeyaunganisha. Humu, bobini ni kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Kesi ni kikopo cha chuma ambamo bobini hukaa. Ndoano ni chuma chenye ncha kilichoko chini ya bati la sindano, kinachodaka uzi wa juu na kuuzungusha kwenye kesi ili nyuzi mbili zifungane.

Shikamooni mafundi. Najifunza kwa cherehani ya umeme ya nyumbani. Nikishona kitenge, juu mshono unaonekana mzuri, lakini chini uzi unajikusanya fundofundo mpaka kitambaa kinanasa. Nimekaza skrubu ya kesi ya bobini hadi mwisho na bado ni vilevile. Msomaji, Morogoro.

Marahaba. Hiyo skrubu haina kosa, na namna ya kuirudisha utaisoma kwenye jibu linalofuata. Hayo mafundo yaliyojazana chini ni uzi wa juu, si wa bobini. Ukitaka kuhakikisha, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone sentimita tano. Utakuta fundo lote ni jekundu.

Kwa nini iwe hivyo? Katika kila tundu moja la mshono, ndoano huvuta uzi wa juu mwingi kiasi cha kuizunguka kesi nzima. Kisha ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya cherehani huuvuta uzi huo urudi juu. Ili urudi wote, ni lazima uwe umebanwa na visahani viwili vya kukazia. Usipobanwa, mkono huvuta uzi mpya kutoka kwenye koni badala ya kuurudisha ule wa chini, na ule wa chini unabaki hukohuko.

Kwa mwanafunzi, sababu kubwa ni kupitisha uzi huku mguu wa cherehani, yaani ule unaobana kitambaa, ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vimefungana, hivyo uzi unapita juu yake bila kuingia katikati. Kwa macho utaona umeupitisha sawasawa, na kumbe haujashikwa na kitu.

Basi toa uzi wote wa juu. Inua mguu. Zungusha gurudumu kuelekea kwako mpaka ule mkono wa kuvuta uzi ufike juu kabisa. Anza upya kutoka kwenye koni, mkono wa kulia ukiushika uzi karibu na koni na wa kushoto ukiuvuta, ili uingie kati ya visahani ukiwa umenyooka. Hakikisha umepita kwenye tundu la mkono wa kuvuta uzi. Ukilikosa hilo, mafundo hutokea ndani ya mishono mitatu ya kwanza. Ukishatunga sindano, vuta uzi mguu ukiwa juu: uteleze bila shida. Shusha mguu, vuta tena: sasa uwe mgumu mpaka sindano ianze kupinda kidogo. Usipoona tofauti, ama uzi haujaingia, ama kuna kipande cha uzi wa zamani au vumbi la kitambaa katikati ya visahani. Inua mguu, pitisha kitambaa chembamba kilichokunjwa katikati yake, kisha ujaribu tena.

Lipo pia suala la namna ya kuanza mshono. Acha mikia ya nyuzi zote mbili yenye sentimita 10, ipeleke nyuma chini ya mguu, na uishike kwa vidole katika mishono mitatu au minne ya mwanzo. Usianzie kwenye ukingo wenyewe wa kitambaa, maana meno, yale yaliyo chini ya mguu yanayosukuma kitambaa, hayana cha kushika na kitambaa huzama kwenye tundu la bati. Anzia nusu sentimita ndani, rudi nyuma, halafu endelea mbele.

Kitambaa kikishanasa, usikivute kwa nguvu. Ukikivuta utapinda sindano, na sindano iliyopinda itakwangua ncha ya ndoano. Zima umeme na uchomoe waya. Kata uzi wa juu karibu na sindano, kisha ingiza mkasi mdogo kati ya kitambaa na bati ukate ule wa chini kidogokidogo, huku ukichezesha gurudumu mbele na nyuma kwa kiasi kidogo tu. Kikishatoka, ondoa sindano na kesi.

Kwenye cherehani nyingi za zigizaga ambazo kesi inaingilia mbele, utaona pete inayoizunguka ndoano, imeshikwa na vishikizo viwili, kimoja kila upande. Vifungue kwa nje, toa pete, kisha ishike ndoano kwa kile kipini cha katikati na uitoe. Hapo ndipo utakapokuta vipande vya uzi vilivyobaki. Futa kwa brashi ndogo, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye njia inayopita ukingo wa ndoano, kisha rudisha. Ndoano ina umbo la nusu mwezi, na chuma kinachoisukuma nacho ni nusu mwezi. Vikikutana vizuri vinakamilisha duara, na kipini kinatazama kwako. Rudisha pete, funga vishikizo. Visipofunga, ndoano haijakaa. Itoe uanze tena, usilazimishe.

Nilifungua skrubu ya kesi kwa bisibisi kujaribu, sasa sijui ilikuwa wapi. Kuna kipimo? Mwanafunzi wa ushonaji, Tanga.

Kipo, na hakihitaji kifaa chochote. Ila kabla ya kupima, safisha. Ile springi bapa iliyo ubavuni mwa kesi hubana uzi, na chini yake hujificha nta ya kitenge na vumbi la uzi. Kipande kidogo kama chembe ya chumvi kinatosha kuinyanyua springi na kuuacha uzi ukilegea. Pitisha ncha ya karatasi ngumu chini yake. Watu wengi hukaza skrubu kumbe walichohitaji ni kufagia.

Sasa weka bobini iliyojaa ndani ya kesi, pitisha uzi kwenye mwanya na chini ya springi. Shika ncha ya uzi, acha kesi ining'inie juu ya kiganja cha mkono wa pili. Ikiteremka yenyewe bila kusimama, imelegea. Ikibaki imening'inia, rusha mkono juu kidogo, kama unavyomwashiria mtu asimame. Kesi inapaswa kushuka sentimita 3 hadi 5, kisha isimame. Isiposogea kabisa, imekaza mno.

Springi hiyo kwa kawaida ina skrubu mbili. Ile ndogo ya pembeni imeshikilia springi tu, iache. Inayorekebisha ni ile kubwa zaidi, iliyo karibu na katikati. Kulia unakaza, kushoto unalegeza. Igeuze kidogo sana kila mara, kiasi unachotembea mshale wa dakika kwa dakika tano, kisha pima tena. Fanya kazi hii juu ya sahani au kitambaa cheupe, kwa sababu skrubu hiyo ikidondoka sakafuni huioni tena. Ukishapata mahali pake, weka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na kwenye springi, ili siku nyingine ujue pa kurudi.

Kipimo hiki ni cha kesi ya chuma inayotolewa. Cherehani ambayo bobini inalazwa kutoka juu, chini ya kifuniko cha plastiki, ina kesi nyepesi isiyoning'inia vizuri. Hiyo usiiguse skrubu mpaka umemaliza kila kitu kingine.

Baada ya hapo, iache chini ilivyo na ufanye marekebisho kwa kitufe cha juu, kile kinachokaza au kulegeza visahani vya uzi wa juu. Kama kitufe kina namba 0 hadi 9, anzia 4. Shona vipande viwili vya kitambaa kilekile utakachotumia, uzi wa rangi mbili. Ukiona vitone vya uzi wa chini vinachungulia juu ya kitambaa, juu kumekaza, punguza namba. Ukiona vitone vya uzi wa juu vimetokeza chini, juu kumelegea, ongeza. Nyuzi zikifungana katikati ya vitambaa, huoni kitone upande wowote. Na kitambaa kikijikunja kando ya mshono huku vitone havionekani, nyuzi zote mbili zimekaza. Legeza ya chini kidogo, kisha ya juu.

Mafundi hawakubaliani kuhusu kubadilisha skrubu ya chini kila wabadilipo uzi. Kwetu, anayeanza apange kesi yake kwa uzi mmoja anaoutumia sana, mathalani ule wa koni wa poliesta namba 40/2 unaouzwa karibu kila duka la vifaa, na asiiguse tena. Akipata kazi ya uzi mnene wa jinzi, anunue kesi ya pili kwa ajili hiyo. Kesi si ghali, na inaokoa muda.

Cherahani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, niliirithi kwa shosho. Kila nikianza kukanyaga, uzi unakatika au gurudumu linakwama. Kesi nimeosha, bobini nimenunua mpya. Msomaji, Nakuru.

Angalia gurudumu linazunguka upande gani unapoanza. Sehemu ya juu ya gurudumu lazima ije kwako, si kwenda mbali nawe. Ukikanyaga bila kuliongoza, mara nyingine litaanza kinyume. Likizunguka kinyume, uzi uliokwisha kudakwa unarudi ndani ya njia ya ndoano na kunaswa hapo. Ndio maana kubadilisha bobini hakujasaidia.

Kwa hiyo, kila unapoanza, vuta gurudumu kwa mkono wa kulia kuelekea kwako kwanza, halafu miguu ifuate. Jizoeze bila uzi: ondoa sindano, inua mguu wa kitambaa ili meno yasiukwaruze, kisha ukanyage mpaka uweze kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma. Weka unyayo mmoja mbele kidogo ya mwingine kwenye kanyagio. Nyayo zote mbili zikiwa mstari mmoja, ni vigumu kulidhibiti gurudumu.

Likiwa linaanza vizuri na bado linakwama, angalia vitu viwili. Kwanza, kesi: ina kidole kinachotokeza, na kidole hicho lazima kiingie kwenye pengo lake juu ya ndoano. Sukuma kesi mpaka usikie "ta!", kisha uachilie kile kishikio cha mgongoni. Kesi iliyoingia nusu itageuka na sindano itaigonga. Pili, kile kifaa cha kujazia bobini kilichoko karibu na gurudumu. Kama hukukirudisha baada ya kujaza, raba yake bado inasugua gurudumu na utahisi uzito miguuni.

Na ikiwa miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, lakini sindano haisogei, hiyo wala si hitilafu. Kuna skrubu kubwa katikati ya gurudumu, ambayo hulegezwa wakati wa kujaza bobini ili sindano ipumzike. Umesahau kuikaza.

Bobini yangu inajaa upande mmoja kama mlima, halafu uzi unatoka kwa mikupuo. Msomaji, Mombasa.

Bobini iliyojazwa vibaya haitengenezeki kwa skrubu yoyote, dada. Itoe uzi wote uijaze upya.

Mlima unatokea kwa sababu uzi haukupita kwenye kile kikazio kidogo cha kujazia, au umepita lakini hakiko sawa na katikati ya bobini. Kwenye cherehani nyingi kikazio hicho kina skrubu. Ilegeze, kipandishe au kishushe kidogo kuelekea upande unaobaki mtupu, kisha kaza. Zamani, na hata leo kwenye mashine za kukanyaga zilizopoteza kipande hicho, watu huongoza uzi kwa vidole, kulia na kushoto, taratibu. Hufanya kazi, ila usibane uzi kwa nguvu: uzi wa poliesta hurefuka unapojazwa, halafu hujirudi ukishashonwa, na mshono wako unakunjamana siku ya pili wakati jana yake ulikuwa umenyooka.

Anza kwenye bobini tupu kabisa. Kujaza uzi mweupe juu ya masalio ya mweusi ni mazoea mabaya, maana yale masalio hujitokeza katikati ya kazi na kunasa. Pitisha ncha ya uzi kwenye kitundu cha bobini kutoka ndani kwenda nje, ishike, zungusha mara chache, kata mkia karibu kabisa na ukuta. Mkia ukibaki mrefu utagusa kesi na kuvuta. Jaza kwa mwendo wa wastani usiobadilika, na usimame ukibakiza milimita moja au mbili kabla ya ukingo. Bobini iliyofura husugua ndani ya kesi, na uzi wa chini hukatika bila sababu unayoiona.

Wakati wa kuiingiza kwenye kesi, elekeza uwazi wa kesi kwako. Kwa kesi za kawaida za nyumbani, ukivuta uzi, bobini izunguke kufuata mshale wa saa, na uzi ugeuke nyuma kwa pembe kali kabla ya kuingia chini ya springi. Ukiingia umenyooka bila kupinda, umeigeuza. Kwa bobini inayolazwa kutoka juu ni kinyume: izunguke kinyume cha mshale wa saa. Hapo ndipo wanaohamia mashine mpya hukosea.

Muuzaji aliniambia bobini zote ni sawa. Nilizonunua zinacheza ndani ya kesi na kupiga kelele. Msomaji, Mwanza.

Si sawa. Chukua rula. Ya cherehani nyeusi za aina ya Singer 15 na Butterfly, na ya zigizaga nyingi za nyumbani, ina kipenyo cha takriban milimita 20 na unene wa karibu 11.7. Ya mashine nyingi za kiwandani za mshono wa moja kwa moja, kama Juki za kawaida, ina kipenyo cha karibu 21 lakini unene wa milimita 9 tu. Tofauti hiyo ya unene ndiyo inayocheza. Nenda dukani na bobini yako ya zamani mkononi, uilaze kando ya mpya.

Usichanganye pia chuma na plastiki. Kama cherehani ilikuja na bobini za plastiki za kulazwa kutoka juu, endelea na hizo. Ya chuma ni nzito, na hukwaruza kesi ya plastiki.

Nilishona zipu, sindano ikavunjika. Nimeweka nyingine, lakini sasa uzi wa chini haupandi kabisa, na mshono unaruka. Msomaji, Kahama.

Anza na hiyo sindano mpya. Sindano ya nyumbani ni namba HAx1, pia huandikwa 130/705H, na shina lake lina ubapa upande mmoja. Ya kiwandani ni DBx1, yenye shina la duara na jembamba zaidi. Zinafanana mkononi, na maduka mengi huzichanganya kwenye kopo moja. DBx1 ikiingia kwenye cherehani ya nyumbani inakaa vibaya na ndoano haiufikii uzi.

Ukishapata ya kwako, isukume juu mpaka igonge mwisho, ndipo ukaze. Milimita moja pungufu inatosha kufanya mshono uruke. Ubapa uelekee upande wa ndoano, na ule mfereji mrefu uelekee upande unaoingizia uzi. Kwa zigizaga nyingi maana yake ni ubapa nyuma. Kwa kitenge na khanga tumia 80/12 au 90/14, kwa jinzi 100/16, kwa shifoni 70/10.

Kisha vuta uzi wa chini juu: acha mkia wa sentimita 10 ukitoka kwenye kesi, shika uzi wa juu bila kuukaza, zungusha gurudumu kuelekea kwako duru moja kamili, na uvute uzi wa juu. Kitanzi cha uzi wa chini kinapaswa kuibuka.

Kisipoibuka, ondoa bati la sindano utazame. Sindano inaposhuka mpaka mwisho na kuanza kupanda, ikishapanda milimita 2 hadi 2.5, ncha ya ndoano inapaswa kuwa nyuma yake, juu kidogo ya tundu la sindano. Ikiwa ncha inapita chini ya tundu, au inafika sindano ikiwa imeshapanda mbali, pigo la zipu limesogeza nguzo ya sindano au ndoano. Hiyo mpelekee fundi, umwambie ulichoona. Pitisha pia kidole polepole kwenye tundu la bati: ukisikia kikwaruzo, ndicho kinachochana uzi. Sugua kwa msasa laini, namba 1000 au zaidi, ukizungushia kijiti, mpaka kidole kisisikie kitu.

Mafuta ya nazi au ya kupikia yanafaa kwa ndoano? Msomaji, Pemba.

Hapana. Yakikaa huganda na kuwa gundi. Kama tayari yamegandia, loanisha brashi kwa mafuta ya taa, safisha njia ya ndoano mbali na moto, futa, subiri ikauke, halafu weka tone moja la mafuta meupe ya cherehani. Shona kwanza kwenye kitambaa kikuukuu dakika mbili tatu, hadi uache kuona doa.